Kutoka Waya wa Moto Hadi Waya wa Taarifa: Historia Fupi ya Istilahi za Umeme wa Pikipiki

Katika makala haya tunakusudia kueleza, kwa ufupi, safari ya maneno ambayo wasemaji wa Kiswahili wameyatumia kutajia umeme wa pikipiki, tangu chombo hicho kilipokuwa na sumaku na nyaya chache tu, mpaka leo ambapo baadhi ya pikipiki zinaongozwa na kompyuta. Huenda msomaji akauliza: je, hili ni jambo la baraza la lugha au ni jambo la gereji? Jibu letu ni kwamba ni jambo la pande zote mbili, na kisa kifuatacho ndicho kilichotusukuma kushika kalamu.

Katika kata ya Mabawa, jijini Tanga, yupo fundi wa pikipiki ambaye karakana yake ni kibanda cha mabati kando ya njia. Siku moja aliletewa pikipiki kubwa mpya, mali ya ofisi moja, ili aifungie taa mbili za ziada na soketi ya kuchajia simu. Pamoja nayo kilikuja kijitabu cha maelezo kilichokuwa kimefasiriwa kwa Kiswahili. Fundi, kwa kuwa ni mtu makini, alikisoma. Akakuta onyo lisemalo kwamba kifaa chochote kisiungwe katika basi la chombo. Akalisoma mara mbili, akacheka, akaendelea na kazi. Chini ya kiti alikuta nyaya mbili nyembamba zilizosokotwa pamoja. Akadhani amepata moto, akazichubua, akaunga soketi yake. Alipowasha ufunguo, taa za onyo zikawaka zote kwa pamoja na injini ikakataa kuwaka. Kazi ya saa mbili ikawa ya siku mbili, na ujira hakulipwa.

Tulipomtembelea baadaye na kumwuliza kama hakuliona onyo, alitujibu kwa upole: "Ndugu zangu, ninyi mmeandika basi. Mimi nilitafuta gari."

Jibu hilo lina somo kubwa kwetu sisi wafasiri. Aliyekosea si fundi. Lakini kosa la mfasiri nalo haliwezi kueleweka vizuri bila ya kujua jinsi maneno ya umeme yalivyoingia katika lugha yetu, tabaka juu ya tabaka.

Tabaka la kwanza: umeme na stimu

Neno umeme ni la zamani kuliko mitambo yote. Wazee waliotutangulia walilitumia kwa ule mwanga upasuao mawingu wakati wa masika. Ilipokuja nguvu iendayo katika nyaya, neno hilo likapanuliwa maana, nalo likatosha. Sambamba nalo, watu wa pwani walitumia pia neno stimu. Stimu kwa asili ni mvuke, ule uliokuwa ukiendesha meli na mitambo. Kwa kuwa watu waliona mvuke na umeme vikifanya kazi ya namna moja, yaani kuendesha kitu bila ya mkono wa mtu wala mguu wa mnyama, jina la kimoja likahamia kwa kingine. Kwa jirani zetu wa Kenya, stima mpaka leo ni umeme wa nyumbani.

Mkoa wa Tanga ulikutana na umeme mapema kuliko sehemu nyingi za nchi. Kampuni ya umeme ya Tanganyika iliundwa mwaka 1931, na katika miaka hiyo ya 1930 maporomoko ya mto Pangani yalianza kutumiwa kuzalisha umeme kwa ajili ya mji wa Tanga na mashamba ya mkonge. Mwaka 1964 kituo cha Hale, chenye uwezo wa megawati 21, kilianza kazi katika mto huo huo. Kwa hiyo wafanyakazi wa mashamba, wa reli na wa bandari walikuwa na haja ya maneno ya umeme kabla ya kuwapo chombo chochote cha kuyasanifu. Wakayachukua yalikopatikana: waya, swichi, fyuzi, betri, balbu, plagi. Wala hawakuyachukua kama yalivyo. Tazama neno waya: lugha imeliingiza katika ngeli ya ukuta na uzi, likapata wingi wake nyaya, utadhani lilizaliwa Pangani.

Jambo la kuangaliwa zaidi ni kwamba mafundi hawakukopa tu, bali walifananisha. Waya uletao nguvu kutoka katika betri waliuita waya wa moto. Nyaya mbili zikigusana mahali pasipostahili, imepiga shoti. Kuongeza kifaa ni kuchukua moto. Maneno haya yana mantiki yake: moto unaweza kugawanywa. Mtu akija na kijinga, jirani humpa moto, wala moto wa mwenye nyumba haupungui. Tunamwomba msomaji aikumbuke mantiki hiyo, maana tutairudia.

Tabaka la pili: pikipiki na sumaku

Pikipiki ilijipatia jina kutokana na mlio wake. Hapana kamati iliyokaa kulitunga, na hapana aliyelipinga. Pikipiki za mwanzo hazikuwa na haja ya betri ili injini iwake. Zilitumia sumaku izungukayo karibu na koili na kutoa cheche katika plagi. Kifaa hicho kina historia inayofaa kutajwa. Mwaka 1897 karakana ya Robert Bosch, huko Ujerumani, ilifaulu kukifunga katika chombo cha magurudumu matatu chenye injini. Mwaka 1902 Gottlob Honold, mhandisi wa karakana hiyo hiyo, alikamilisha aina ya msongo mkubwa iliyotumika duniani kote. Tunaomba jina la Bosch nalo likumbukwe, maana litatokea tena mwishoni mwa safari yetu.

Baadaye betri na taa za volti 6, na hatimaye za volti 12, zikawa za kawaida. Mwaka 1976 Honda ilitoa pikipiki ya CG125, injini nyepesi isiyotaka matunzo mengi, na muundo wake umeigwa sana na viwanda vya China. Nyingi katika pikipiki za biashara zinazopita Mabawa leo zina asili katika miundo sahili ya namna hiyo.

Umeme wa pikipiki hiyo waweza kuelezwa kwa sentensi moja: nguvu hutoka katika betri, hupita katika fyuzi, kisha katika swichi ya ufunguo, kisha katika swichi ya kifaa, huingia katika kifaa, nayo hurudi katika betri kwa njia ya bodi ya chombo. Kila kifaa kina waya wake na kila waya una kazi moja. Fundi akiujua waya wa moto, ameijua pikipiki nzima. Ndiyo maana kijana asiyekwenda chuo chochote, akikaa miezi michache kwa fundi mzoefu, huweza kufunga honi, alamu ya wizi, redio na taa za ziada pasipo kuharibu kitu.

Kazi ya kusanifu

Wakati mafundi wakiendelea na maneno yao, juhudi za kusanifu nazo zilikuwa zikienda. Kamati ya Lugha ya nchi za Afrika ya Mashariki ilianzishwa mwaka 1930 na kuchagua Kiunguja kuwa msingi, kama ilivyokuwa imependekezwa Mombasa mwaka 1928. Baraza la Kiswahili la Taifa likaundwa kwa sheria ya mwaka 1967, na katika miaka ya 1970 likaanza kutoa orodha za istilahi zijulikanazo kwa jina la Tafsiri Sanifu. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa njia ya Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili, kilitoa Kamusi ya Kiswahili Sanifu mwaka 1981, na mwaka 1990 kamusi ya biolojia, fizikia na kemia.

Kutokana na kazi hiyo tulipata mkondo, ukinzani, saketi, chanya na hasi. Ni maneno mazuri, nayo yamefundisha wanafunzi wengi. Lakini yalikaa darasani. Mwalimu alisema mkondo, fundi akasema moto. Mwalimu alisema ukinzani, fundi akasema waya huu ni mwembamba, utaungua. Kila mmoja alisema kweli, ila hawakukutana. Hatusemi haya kwa kuwalaumu waliotutangulia, kwani walikuwa na kazi kubwa na watu wachache. Twasema tu kwamba pengo lilikuwapo, na kwamba kwa muda mrefu halikumdhuru mtu, kwa sababu mantiki ya moto na mantiki ya mkondo zilikubaliana katika pikipiki sahili.

Kompyuta inaingia kwa kuchelewa

Serikali yetu ilifunga kompyuta ya kwanza mwaka 1965, katika Wizara ya Fedha. Mambo hayakwenda vizuri. Hesabu zilivurugika, na fedha nyingi zikatumika bila ya manufaa yaliyotarajiwa. Mwaka 1974 ikatolewa amri ya kuzuia kuingizwa nchini kwa kompyuta na televisheni. Zuio hilo lililegezwa pole pole katika miaka iliyofuata. Wachumi wamelijadili sana, lakini hatujaona wanalugha wakilijadili. Na hali athari yake katika lugha ni dhahiri: katika miaka ile ile ambayo istilahi zilikuwa zikitungwa kwa bidii kubwa, kitu chenyewe hakikuwapo mbele ya macho ya watu. Jina lisilo na kitu halishiki. Palipendekezwa ngamizi, Wakenya wakaeneza tarakilishi, lakini wananchi wengi wa Tanzania wakabaki na kompyuta.

Huku nyuma, ulimwengu haukungoja. Mwaka 1986 kampuni ya Bosch, ile ile ya sumaku, ilitangaza huko Marekani mfumo mpya wa kuunganisha vidhibiti vya magari, ujulikanao kwa herufi tatu, CAN. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 mfumo huo uliingia katika magari ya kifahari ya Ulaya, na mwaka 1993 ukawekewa kiwango cha kimataifa. Mwaka 2004 kampuni ya BMW iliutumia katika pikipiki yake ya R1200GS, chombo ambacho fyuzi za kawaida za saketi zake ziliondolewa na nafasi yake kuchukuliwa na kidhibiti cha elektroniki. Tangu hapo mifumo ya namna hiyo imeenea katika pikipiki kubwa, na katika nyingi za zile zinazotumia umeme mtupu badala ya petroli.

Shabaha yake yaeleweka kwa mfano. Katika mtindo wa zamani, mkuu wa ofisi mwenye wasaidizi kumi huvuta uzi kumi, mmoja kwa kila msaidizi. Katika mtindo mpya wote huketi katika chumba kimoja, mkuu hutamka jambo mara moja, kila mmoja husikia, na yule linayemhusu hutenda. Chumba hicho ni zile nyaya mbili zilizosokotwa. Zikiwa kimya, kila waya una volti 2.5 hivi. Neno linapotamkwa, mmoja hupanda kufikia volti 3.5 na mwingine hushuka kufikia 1.5, na ile tofauti ya volti 2 ndiyo neno lenyewe. Kila mwisho wa njia una kikinza cha omu 120, kwa hiyo fundi mwenye mita, akitenga betri kwanza, atapima kiasi cha omu 60 kati ya nyaya hizo mbili. Hapo hapana moto wa kugawa, bali maneno tu. Anayeunga soketi ya simu mahali hapo hachukui nguvu ya mtu. Anapiga kelele katikati ya baraza, hata wote wasisikizane.

Kwa nini neno ni zito

Sasa msomaji anaona kosa lilipoanzia. Fundi wetu alifuata mantiki ya neno moto, ambayo haikuwahi kumsaliti katika maisha yake yote. Na hata kama asingeigusa njia ya taarifa, zilikuwapo hatari nyingine. Akibadilisha balbu ya indiketa kwa taa ya LED itumiayo umeme kidogo, kidhibiti huweza kudhani balbu imeungua na kutoa onyo. Akiunga mzigo mkubwa katika soketi ya chombo, kidhibiti huona mkondo umezidi kiwango na kuikatia umeme, pasipo fyuzi yoyote kuungua. Fundi atatafuta fyuzi iliyoungua mpaka jua lizame, asiione.

Njia iliyo salama si ngumu, ikielezwa kwa lugha inayoeleweka. Nguvu ya taa za ziada itolewe moja kwa moja katika betri, ipite katika fyuzi yake yenyewe na rilei yake yenyewe. Taa mbili za wati 20 kila moja, kwa volti 12, zavuta ampea 3.3 hivi, basi fyuzi ya ampea 5 yatosha. Rilei ipokee amri yake kutoka mahali palipotajwa na mtengenezaji, kwa kuwa koili ya rilei huvuta mkondo mdogo sana. Waya wa kurudi uende katika ncha hasi ya betri. Na nyaya zilizosokotwa zisichubuliwe kamwe.

Maelezo hayo yana maneno kama themanini. Kama yangalikuwamo katika kile kijitabu, badala ya onyo la neno basi, mtu mmoja wa Mabawa asingepoteza ujira wa siku mbili. Wala tusidhani ni jambo la mtu mmoja. Tangu kanuni za mwaka 2010 zilipoziruhusu pikipiki kubeba abiria kwa leseni, bodaboda imekuwa ajira ya vijana wengi nchini, na kila mmoja wao hutaka alamu, chaja ya simu au kifaa cha kufuatilia chombo kisiibwe. Leo nyingi za pikipiki hizo ni zile sahili. Kesho hazitakuwa hivyo, na wafasiri wa vijitabu vyake ndio sisi.

Mapendekezo

Kuhusu neno basi, tunashauri liachwe kabisa katika maana hii. Tunafahamu kwamba hata katika lugha za Ulaya jina hilo lilitoka kwa gari la abiria, lile la watu wote, likahamia katika umeme. Lakini sitiari hiyo haikusafiri na neno. Kwetu sisi basi ni gari, au ni mwisho wa maneno. Badala yake twapendekeza njia ya taarifa kwa mfumo, na waya wa taarifa kwa kila mmoja wa nyaya zake.

Baadhi ya wenzetu hupenda waya wa mawasiliano. Hatulikatai kwa ubaya, ila mwananchi akisikia mawasiliano hufikiri simu, na fundi aliyeambiwa afunge chaja ya simu ataona amefika mahali penyewe hasa. Wengine hupenda data. Neno hilo limekwisha kubalika na halina kosa, lakini nalo siku hizi hukumbusha vocha.

Kwa kila kompyuta ndogo iliyomo katika chombo, twapendekeza kidhibiti, na mfumo mzima uitwe mtandao wa vidhibiti. Mafundi husema kontroli boksi. Mfasiri anaweza kuliandika neno hilo mara moja pembeni ili asomwe na kila mtu. Kwa vifaa vinavyoongezwa, ambavyo mitaani huitwa vikorokoro, nyongeza za umeme latosha katika maandishi rasmi.

Jambo la mwisho ndilo kubwa zaidi. Twapendekeza waya wa moto liingizwe katika istilahi sanifu, kinyume cha waya wa taarifa. Kwa miaka mingi tumelichukulia neno hilo kuwa la mitaani. Lakini tofauti ambayo fundi anaihitaji leo ni hiyo hasa, kati ya waya uletao nguvu na waya uletao habari, na nusu ya tofauti hiyo ameshaitunga yeye mwenyewe. Tukimpa nusu ya pili, mfumo mzima unaingia katika mantiki aliyo nayo tayari. Tukimletea maneno mawili mapya kwa pamoja, hatashika hata moja.

Tulirudi Mabawa na orodha yetu kabla ya kuandika makala haya. Fundi aliisoma polepole, akamwita kijana anayejifunza kwake. Kijana akatuamkia shikamoo, akainama kuangalia pikipiki iliyokuwapo. "Mwanangu," fundi akamwuliza, "huu ni waya gani?" Kijana akajibu: "Wa moto, mzee." "Na zile zilizosokotwa?" Kijana akanyamaza kidogo, akatazama karatasi. "Za taarifa. Haziguswi." Fundi akatugeukia akasema kwamba neno hilo litapita, ila tungelileta mwezi mmoja mapema.

Lawama hiyo twaipokea. Twawaomba wafasiri wenzetu, kabla ya kupeleka kijitabu kwa mpiga chapa, wakipeleke kwanza kwa fundi.